Ulimbo wa Pasaka

Asubuhi hii nimeshika kitasa cha mlango wa ofisini, kitasa nacho kikanishika. Wiki nzima tangu Pasaka, na ile gundi ya ski, zile mbao ndefu za kutembelea kwenye theluji, bado iko kwenye glavu, kwenye simu, kwenye ndevu. Wenyewe wanaiita klista. Kwetu Moshi ni ulimbo, na hunaswa nao ndege, si watu wazima.

Tena kwetu theluji inakaa juu ya mlima, sisi chini na migomba yetu, na hatujawahi kugombana. Huku Norwei jua likirudi tu, rafiki zako wanataka mkaifuate theluji ilikokimbilia. Siku 4. Nikakubali. Mchaga ataukataaje mlima mbele za watu?

Treni ikatushusha Finse, mita 1,222 juu ya bahari, pasipo barabara ya gari, yaani hata teksi ya kutorokea hakuna. Mbele ni Hardangervidda, uwanda wa juu milimani, weupe mpaka macho yanaomba rangi, na njia yenyewe ni vijiti vilivyochomekwa. Siku ya kwanza nilianguka tu, tuiache.

Siku ya pili sasa. Theluji imeganda usiku, ngumu kama sukari guru, wakasema hapa ni klista, mbao zisiteleze kurudi nyuma. Tukazipaka chini. Mchana ikamwagika theluji mpya, kavu, laini kama sembe. Ulimbo na sembe, jamani! Kila nikinyanyua mguu, chini pana kilo ya ugali. Wenzangu wamekwangua zao, wameshayoyoma; mimi nimebaki mlimani nimerefuka kama niliyevaa mchuchumio.

Nyuma nikasikia hwishi, hwishi. Bibi. Miaka 80 haipungui. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Akajibu "Hei, hei," akanipita. Halafu akarudi, na huko kurudi ndiko kulikoniumiza. Akaniangalia miguu, akachimba kiti kwenye theluji, akaniamuru nivue mbao. Mimi, mshenga wa ndoa tatu, nimekaa kimya kama mtoto anayetolewa funza, bibi anakwangua.

"Nani amekupaka?"

"Nimejipaka."

"Inaonekana."

Akanimenyea chungwa, akanikatia chokoleti, akauliza kwetu wapi. Nikavuta pumzi, nikakaa sawa, nikasema: Kilimanjaro. Uso ukamng'aa. Kumbe amepanda mpaka kileleni. Mara 2! Akaniuliza kama njia ya Machame bado ina matope vile. Nitajuaje mimi? Geti la Marangu lenyewe naliona nikisindikiza wageni! Nimezaliwa pale, mlima nauona nikipiga mswaki, sasa nipande kutafuta nini? Nikamwambia matope yapo. Akatikisa kichwa, akasema pole.

Jioni, kwenye kibanda cha kulala wasafiri wa mlimani, duka halina muuzaji: unachukua kopo lako la maharage, unajiandikia deni. Ukutani kuna kanuni za mlimani, na ya 8 inasema hakuna aibu kugeuza. Nikawasomea wenzangu kwa sauti, mara mbili. Wakacheka sana. Wakadhani ni utani.

Sasa suruali. Nimeisugua kwa mafuta ya alizeti kama aliyekula fenesi, matokeo yake ina ulimbo na mafuta. Jana nikaishusha kwenye mashine za jengo, zamu yangu, saa 1 jioni, jina langu limeandikwa pale kwa mkono wangu. Nakuta mashine inazunguka. Nguo za nani, hajulikani. Nikainama kwenye kioo kuchungulia. Soksi za sufu, jozi nane. Za ski.