Laptopu yako haijafa, ni Windows tu imeikataa

Toka Microsoft wafunge sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali nalokutana nalo sana ni hili, sasa hii laptopu niitupe? Maana Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote zinazokubalika ni kuanzia kizazi cha 8, we una mashine ya 2014, kioo kizima, kibodi nzima, chaja ipo, kosa lake ni umri tu. Mi siku hizi nawaambia watu wajaribu ChromeOS Flex. Ila sio kila mtu, na hapa ndo nataka tuelewane, maana kuna watu huko mtandaoni wanaipigia debe kama dawa ya kila ugonjwa.

Kwa asiyeijua, ni mfumo wa bure wa Google, ndugu yake ule wa kwenye Chromebook, ila huu unauweka mwenyewe kwenye laptopu ya kawaida ya Intel au AMD ya biti 64. Hawakuanza sifuri, mwaka 2020 walinunua kampuni inaitwa Neverware iliyokuwa na mfumo wa CloudReady, wakaja kuutoa kwa jina jipya 2022. Chini ni Linux, juu ni brauza ya Chrome, basi. Masharti yenyewe madogo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, diski 16GB, na mashine iweze kuwaka kwa flashi. Prosesa na grafiki za kabla ya 2010 Google wenyewe wanasema zinaweza kusumbua, kwa hiyo usije ukalaumu mtu.

Kinachonifurahisha ni kwamba unaonja kabla hujafuta kitu. Chukua flashi ya 8GB au zaidi isiyo na vitu vyako (itafutwa yote), kwenye kompyuta nyingine fungua Chrome uongeze ekstensheni inaitwa Chromebook Recovery Utility, humo chagua ChromeOS Flex iandike kwenye flashi. Chomeka kwenye laptopu kuukuu, washa huku unagonga F12 au F9 au Esc, inategemea kampuni iliyoitengeneza, halafu chagua iwake kwa flashi. Itakuuliza unainstoli au unajaribu kwanza, we chagua kujaribu. Sasa wengi hapa wanafungua YouTube, video inacheza, wanasema tayari twende. Taratibu jamani! Jaribu waifai, kamera, spika, vitufe vya kupunguza mwanga, halafu funga kifuniko, subiri kidogo, fungua uone kama inaamka. Kuna moja niliwahi kuishika kila kitu safi kabisa, ila ikilala ndo imelala, kioo cheusi mpaka ushikilie kitufe cha kuzimia. Mashine kama hiyo utaichukia hata ikiwa na spidi vipi. Na ukiiona inasuasua wakati unajaribu usiihukumu bado, flashi ina uvivu wake.

Ukishainstoli inafuta diski nzima, faili za zamani usipozihamisha mapema zimeenda.

Mapungufu sasa. Apu za Android hamna, Play Store haimo. AutoCAD ya michoro au Photoshop ile ya kuinstoli sahau, kisoma alama za vidole na CD navyo haina habari navyo. Bila intaneti sio kwamba inakufa, Google Docs unaweza kuiseti mapema ufanye kazi nje ya mtandao, ila mtu ambaye bando lake ni la kuungaunga atateseka tu, huyo mi nampa Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, ina LibreOffice yake ya kuandikia na mahesabu humohumo na haimuulizi akaunti ya mtu. Maana hilo nalo lipo, kwenye Flex unaingia kwa akaunti ya Google, ile ya mgeni ipo ila ukitoka hakibaki kitu.

Halafu huu wepesi tusiutie chumvi, mfumo ndo mwepesi, tovuti za siku hizi sio nyepesi hata kidogo. Kwa 4GB ukifungua kurasa kumi na kitu utaona ukirudi kwenye ile ya kwanza inajipakia upya, hata kama ulikuwa unajaza fomu. Na wengi wanaosifia kwamba laptopu imefufuka ukiwachunguza walibadilisha na diski wakaweka SSD, aina ya diski yenye spidi zaidi, siku hiyohiyo, kwa hiyo sifa nusu ni za SSD, mi ningeanza na hiyo kabla ya kitu chochote, na kama nafasi ya RAM ipo ongeza ifike 8GB.

Kabla hujafuta chochote tafuta pia orodha ya modeli ambazo Google wamezithibitisha, kila moja imeandikiwa mwaka ambao uhakika huo unaisha. Kama yako mwaka wake umeshapita au uko mlangoni, nenda tu moja kwa moja kwenye Mint.