Dola inakaguliwa, dawa inamezwa tu

Jumamosi iliyopita nilishuka mjini na noti moja ya dola 20. Nilitaka franka za Kongo za soko, basi nikaenda kwa kambisti, mbadilisha pesa mmoja wa wale wanaokaa upande wa Posta na vimeza vyao, pesa zimefungwa mpira na kupangwa kama matofali. Noti yangu ilikuwa safi. Ya kichwa kikubwa, siyo ile ya kichwa kidogo inayofanya watu wakuangalie kama umeifukua makaburini. Kijana akaipokea, akapapasa kingo zake zote nne kwa ncha ya kidole, akaiinua juani, akaishusha. Halafu akatoa simu.

Nikadhani anampigia bosi wake. Kumbe anafungua kamera. Akatandaza vidole viwili kwenye kioo, picha ikakua, akawa anaitembeza simu polepole kufuata ukingo wa noti, mpaka mahali fulani akasimama. "Prof, muangalie hapa." Nikaangalia. Palikuwa na mpasuko usiozidi mguu wa nzi, ambao kwa macho matupu nisingeuona hata ungeniapisha. "Hii haitembei," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayekukabidhi habari ya msiba.

Sina ugomvi naye. Au tuseme ugomvi wangu naye ni mdogo: jioni mwenye mtaji atamkagua yeye vilevile, na mpasuko ukionekana atalipa yeye. Kilichonichoma kilikuja nusu saa baadaye, kwenye kaunta ya famasi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu ningeitaja hiyo ingebidi nitaje na zile nyingine zote za barabara ile.

Nilikuwa na Mama. Ana miaka 71, anameza vidonge vya presha kila siku. Muuzaji akachukua plakete, ile karatasi ngumu iliyofungiwa vidonge, akaikata kwa mkasi, akampa vidonge vyake kumi. Mama akakigeuza kile kipande, akakisogeza, akakirudisha nyuma, akakielekeza mlangoni kwenye mwanga. "Mwanangu, hapa waliandika nini?" Kijana wa kaunta hakuinua hata kichwa: "Mama, kama hamuone, si muvale lineti?" Miwani, yaani. Watu watatu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayefunika aibu yake kwa haraka, akakunja kipande akakitia kwenye ncha ya kitenge chake. Yamekwisha. Dawa ya moyo wa mtu imeingia kwenye fundo la kitenge bila mtu yeyote kujua itaharibika lini.

Nikamwomba anipe nisome mimi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, nina miaka 46, nina diploma ukutani. Sikuona kitu. Nilinyoosha mkono mpaka ukaisha, bado vitone tu. Ndipo nikakumbuka kambisti wangu, nikatoa simu, nikatandaza vidole kama yeye. Herufi zikaja: LOT, kisha tarakimu mbili, kisha... mkasi. Tarehe ilikuwa imebaki kwenye nusu nyingine, ndani ya boksi la muuzaji.

Hebu tuwe wakweli kidogo. Katika mji huu kila mtu mwenye simu anajua kuigeuza kuwa lupu, kioo cha kukuzia, siku pesa ikihusika. Kambisti anajua kwamba kwenye noti mpya ya dola 100, ile iliyotoka mwaka 2013, kuna maandishi kwenye kola ya koti la Franklin, yule mzee wa pichani, ambayo jicho peke yake haliyapati, na atakuonyesha alama ya kalamu ya manyoya yenye maneno pembeni. Wafanyabiashara wa malakiti wanaikagua mishipa ya jiwe kwa simu. Vijana wanakuza picha za harusi ya jirani kuona kama pete ni dhahabu. Sasa muulize mmoja wao: kwenye plakete ya vidonge vya malaria uliyompa mtoto wako juzi, EXP, tarehe ya kuharibika, ilikuwa upande gani? Atakuambia, "Si famasi ndiyo inajua?" Dola 20 hatumwamini mtu. Ini la mtoto tunamwamini yeyote aliyevaa koti jeupe, hata kama koti lenyewe ameazima.

Mwaka jana nililipia upumbavu huu. Mama alikuwa ameandikiwa amlodipini, dawa yake ya presha, ya miligramu 5. Mtu akaenda kumnunulia (sawa, ni mimi niliyekwenda), akarudi na boksi la kampuni ileile, rangi ileile, ila la 10. Namba ilikuwa pale, imeandikwa, hakuna aliyedanganya. Ilikuwa tu ndogo, na upande wa boksi ambao hakuna anayeutazama. Majuma matatu akameza mara mbili ya kipimo chake. Miguu ikavimba mpaka viatu vya kanisani vikakataa. Sisi tukalaumu bitoyo, samaki wa chumvi, tukamkataza chumvi, shangazi mmoja akalaumu mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Aliyeligundua ni binamu yangu muuguzi, aliyepita kusalimia tu. Akaokota boksi mezani, akatoa simu, akasoma, akaniangalia. Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana la dawa hiyo, na kipimo kikipanda linapanda nalo. Ningelijua kosa langu kama ningesoma boksi. Nilikuwa nimebeba kamera mbili mfukoni siku zile zote.

Nilipomuuliza Mama kwa nini hakusema kwamba hasomi tena maandishi yale, alijibu: "Niseme, municheke?" Basi. Hiyo ndiyo habari yote. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu, haijipindi tena kwa vitu vya karibu. Inampata profesa, inampata muuza bitoyo, itampata na yule kijana wa kaunta, nami naisubiri siku hiyo kwa subira ya Kikristo. Lakini sisi tumefanya kuwa jambo la kuchekesha mtu mzima anaposogeza karatasi mbali, na mama akitoa simu kupiga picha boksi la dawa tunasema "muangalie koko na selfi zake." Kwa hiyo wananyamaza. Wanameza.

Na tukiwafundisha tunawafundisha vibaya. Nilimpa Mama simu mara ya kwanza nikamwambia "tumia kamera," nikaenda zangu. Akaibandika juu kabisa ya plakete, kama stetoskopu. Ukungu mtupu. Akairudisha: "Hii yenu nayo haioni." Kosa langu. Kamera nyingi za simu hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita nane au kumi hivi, upana wa kiganja. Ukikaribia zaidi ya hapo picha inayeyuka. Unarudi nyuma, unaacha kamera ipate kitu chake, ndipo unatandaza vidole. Au bora zaidi, unapiga picha kabisa, unakaa chini, unaikuza picha: mkono unaotetemeka hautetemeshi picha iliyokwisha kupigwa. Hilo lilimfurahisha kuliko yote, kwa sababu mikono yake haitulii tena.

Halafu kuna mwanga. Tarehe za plakete nyingi hazina wino, zimegongwa tu kwenye karatasi ya fedha. Ukiwasha torshi ya simu hiyohiyo, karatasi inakurudishia mwanga wote usoni na namba zinafutika. Torshi inatakiwa itoke pembeni, ilale chini karibu usawa wa meza, kutoka simu nyingine au ya mtoto yeyote anayepita, ili kila tarakimu itupe kivuli chake. Umeme ukiwa umekatika, ambayo ni kusema jioni yoyote, inafanya kazi vizuri zaidi. Angalau kitu kimoja kinachofaidika na giza letu. Ila uangalie pia usisome MFG, tarehe ya kutengenezwa, ukadhani ni EXP. Dawa nyingi tunazouziwa zinatoka India, zimeandikwa Kiingereza, na nimeona mtu mwenye shahada akitupa dawa nzima nzima kwa sababu alisoma siku iliyozaliwa akadhani ni siku iliyokufa.

Wenye iPhone wana programu yao, imo ndani tangu 2016, ikiwa simu iko kwa Kifaransa inaitwa Loupe. Hongereni. Mama ana Itel. Na kile kinachoitwa Agrandissement kwenye mipangilio ya simu zetu hakisomi dawa, kinakuza maandishi ya simu yenyewe. Nilipoteza jioni nzima kukielewa, nawasamehe jioni yenu.

Darasani natumia hila nyingine: tone moja dogo la maji juu ya lenzi ya simu kuukuu, unaigeuza kwa uangalifu, na ngozi ya kitunguu inakuwa ukuta wa matofali. Usijaribu na simu unayoipenda. Shule yetu ina hadubini moja, iko kabatini, ufunguo una hadithi yake. Nikiwaambia wanafunzi kwamba mwaka 2013 watafiti walibandika kilenzi cha mviringo cha dola 8 kwenye iPhone kwa utepe wa gundi, wakatafuta mayai ya minyoo kwenye vinyesi vya watoto kule Pemba, Tanzania, wanadhani nawatania. Waliyaona kweli ya minyoo mikubwa. Ya safura mengi yaliwapita, kwa hiyo maabara yasifungwe bado.

Na yule baba wa mambo haya, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikuwa muuza vitambaa. Watu wa biashara yake walitumia lenzi kuangalia nyuzi, wasiuziwe nguo hafifu. Lenzi ilikuwa ya pesa, kama kwa kambisti wangu. Tofauti ni kwamba katika miaka ya 1670 yeye aliligeuza jicho lile akalielekeza kwenye tone la maji ya ziwa, akakuta vijidudu vinaogelea ambavyo mwanadamu hajawahi kuviona. Sisi tumebaki kwenye nguo. Tunahesabu nyuzi za dola. Kobalti ya betri za simu hizo inachimbwa huku kwetu, na bado ikirudi tunaifanyisha kazi ya kutafuta mpasuko.

Haya, sasa yule wa kaunta. Alikuwa na haki. Nimeandika sentensi hiyo kwa shingo upande na sitairudia. Mama anahitaji lineti, na mimi pia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 watu milioni 826 wenye macho ya karibu yaliyochoka ambao hawana hata miwani ya kuwasaidia, na tiba yenyewe ni vioo viwili na fremu. Kule Assam, India, wachuma chai waliopita miaka 40 walipopewa miwani hiyo walichuma zaidi ya wenzao kwa asilimia 20 na kitu. Matokeo yalitoka 2018. Simu haikupi hayo. Simu haichambui mchele, haitungi uzi kwenye sindano ukiwa na mikono miwili tu, na betri ikiisha umekuwa kipofu tena. Zaidi ya hayo inaweza kukudanganya: ukikuza herufi mpaka ziwe kama za bango la kampeni na bado unaziona kwenye moshi, hiyo siyo umri, huenda ni mtoto wa jicho, nenda ukaonwe. Glaukoma, ile presha ya macho, yenyewe haisemi hata hodi, inakula pembeni kimyakimya huku katikati unasoma vizuri.

Lakini kijana, ungeweza kusema "mvae lineti" baada ya kumsomea. Na ungeweza kukata plakete kutoka upande usio na tarehe, ukabaki wewe na nusu yenye EXP mpaka kidonge cha mwisho kabisa, ukamwonyesha mteja kabla hujakata. Ni mkasi uleule. Nilirudi kaunta nikaomba ile nusu nyingine. Alinitazama kama nimeomba funguo za duka. Nikaipiga picha, nikaikuza, nikaisoma kwa sauti mbele ya foleni ile iliyocheka, mwezi na mwaka. Ilikuwa nzima, imebakiza miezi kumi na minne. Nilisikitika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa ushindi mkubwa zaidi.

Jioni tukakaa na Mama mezani, torshi yangu imelala pembeni, simu yake mkononi. Akasoma plakete. Akasoma boksi la chumvi. Akasoma maandishi ya chini kabisa kwenye Biblia yake, yale ya namba za mistari, ambayo alisema hajayaona tangu Mzee wetu afariki. Akanisoma na kidevu, akaniambia nimenyoa vibaya. Nilipoaga, nikamwachia ile dola 20, nikijua kwamba sokoni kwake kuna mwanamke anayepokea chochote.

Akaishika. Akarudi nyuma kiganja kimoja, akatandaza vidole, akaitembeza simu kufuata ukingo.

"Mwanangu," akasema, "hii haitembei. Uniletee ingine."