Barbara Pym na ile miaka 14

Kuna stori ya mwandishi mmoja wa Uingereza inapendwa sana kwenye magrupu ya waandishi, inaletwa kama ushahidi kwamba subira yavuta heri, na mimi kila nikiisikia roho inaniuma. Ni stori ya Barbara Pym.

Kwa asiyemjua, huyu mama alizaliwa 1913 Oswestry, karibu na mpaka wa Wales, akasoma Oxford, vita vilipokuja akaingia jeshi la majini upande wa wanawake. Riwaya yake ya kwanza, Some Tame Gazelle, ilitoka 1950, na mpaka kufika 1961 alishatoa sita kwa mchapishaji mmoja, Jonathan Cape. Humo ndani kuna wanawake ambao hawajaolewa, mapadri wa Anglikana, chai, mnada wa nguo kuukuu za kanisa, nani kamwalika nani chakula cha jioni. Ukisoma mbiombio utasema mbona hakuna kinachotokea, ila ukitulia unagundua yule mwanamke anayeosha vikombe baada ya kikao ameona kila kitu, nani anampenda nani na nani anajidanganya, sema hakuna aliyemuuliza. Mimi nimelelewa na shangazi wa hivyo hivyo, hakuolewa, yeye ndo alishika daftari la michango ya kanisa na funguo za stoo, na riwaya iliyompa mtu kama yeye kiti cha mbele nilikuja kuikuta kwa Pym.

Sasa 1963 anapeleka ya saba, Cape wanaikataa. Mtu ameshawapa vitabu sita jamani! Anazungusha kwa wachapishaji wengine nao hawaitaki, ndo miaka ya sitini hiyo, London ina Beatles na sketi fupi, nani ana habari na mapadri na chai. Kuanzia hapo miaka 14 milango imefungwa.

Na hakuwa anaishi kwa vitabu. Tangu 1946 alikuwa ameajiriwa na International African Institute hapo hapo London, akisaidia kuhariri jarida lao linaloitwa Africa, yani mchana kutwa anasahihisha makala za wanaanthropolojia, wale watafiti wa mila na maisha ya watu, kuhusu sisi (taasisi hiyohiyo ndo iliyotoa kitabu cha mtafiti mmoja, Prins, kuhusu Waswahili wa Zanzibar na pwani, 1961, yeye akiwa mfanyakazi pale), halafu muda unaobaki ndo wa riwaya. Wale wataalamu nao akawatia kwenye vitabu vyake, akawachungulia kama wao wanavyochungulia makabila ya watu, na hilo nalipenda sana, nasema safi, na wao waangaliwe.

1971 akapata kansa, titi likakatwa. 1974 kiharusi, akastaafu, akawa anaishi na mdogo wake Hilary kijijini Finstock, Oxfordshire. Bado anaandika. Halafu Januari 1977 gazeti la Times Literary Supplement likawauliza watu wa fasihi ni mwandishi gani wa miaka 75 iliyopita amedharauliwa bila haki, na wawili, mshairi Philip Larkin na mhakiki Lord David Cecil, wakamtaja yeye. Mwaka huohuo wachapishaji Macmillan wakatoa riwaya yake Quartet in Autumn, ikafika orodha ya mwisho ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya kule Uingereza.

Hapo ndo watu wanasema umeona, subira. Mi nakataa. Kilichobadilika ni wanaume wawili wenye majina kusema neno gazetini. Larkin alikuwa anaandikiana naye barua tangu 1961 na alishampigia debe kwa wachapishaji huko nyuma bila mafanikio, sasa kama 1977 gazeti lisingeuliza je? Pym alifariki Januari 1980 akiwa na miaka 66, kansa ilirudi. Alinyimwa miaka 14, akapewa mitatu. Hiyo heri inahesabiwaje?

Nasema kwa uchungu kwa sababu nami nina muswada uliolala kwa mchapishaji mmoja zaidi ya mwaka, nikajibiwa mistari miwili kwamba soko hakuna, na kila niliyemweleza akaniambia vumilia.

Kinachonishika kwa Pym ni kwamba Quartet aliiandika bila kujua kama kuna atakayeitaka. Ni wazee wanne wa ofisi moja London. Mmoja, Marcia, katoka kukatwa titi, anaishi peke yake, kabati limejaa vyakula vya makopo asivyokula, na kwenye banda la nje kapanga chupa tupu za maziwa alizoziosha. Siku anaona chupa moja si ya aina ya zake, anaamini Letty wa ofisini ndiye aliyemwachia, na ile chupa inamkera utadhani ni deni. Chupa tu, lakini nilifunga kitabu nikakaa kwanza. Letty naye, nyumba aliyopanga inanunuliwa na mchungaji Mnigeria, Bwana Olatunde, inajaa watu na nyimbo, Letty anashindwa anahama. Nilipofika hapo nikajiandaa kutukanwa, nimeshazoea vitabu vya Waingereza. Tusi halikuja. Aliyeonekana mpweke ni Letty, Olatunde ana watu wake na Mungu anaimbiwa kwa sauti.

Aliandika mpaka mwisho, A Few Green Leaves alikimaliza akiwa mgonjwa na kikatoka baada ya yeye kufariki. Ile iliyokataliwa 1963, An Unsuitable Attachment, ilikuja kuchapwa 1982, naye hakuiona. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa natafuta tu sababu ya kuikataa. Sijaiona.