Nasaba ya mdomoni na nasaba ya karatasini: nani anakumbuka vibaya?

Kuna hoja inayozunguka siku hizi kwenye makundi ya ukoo ya WhatsApp, na aghalabu huletwa na kijana aliyesoma vizuri: nasaba isiyo na karatasi ni hadithi. Bibi akisema babu yake alikuja na jahazi kutoka Lamu, anaulizwa ushahidi uko wapi. Lakini ikitajwa sensa ya mkoloni kila mtu hunyamaza, maana hiyo imeandikwa.

Najua hoja hii imetoka wapi. Wenzao walioko Uingereza wameingia kwenye sensa ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya kufungiwa miaka mia, wakamkuta baba wa babu kwa jina lake, umri wake, kazi yake na mtaa aliokaa. Vijana wetu wakadhani na huku kuna rafu kama hiyo, ila sisi ni wavivu wa kuitafuta. Haipo. Sensa za Unguja na Pemba za 1924, 1931 na 1948 tunazozisoma leo ni majedwali: wanaume wangapi, wanawake wangapi, kabila gani, wilaya gani. Na hata majina yangekuwemo, anayemtafuta Ali bin Hamad au Mwanakombo binti Juma kwenye visiwa vyenye watu 235,428, ndio idadi ya 1931, ana kazi. Sisi hatuna jina la ukoo linalomfuata mtu vizazi saba. Tuna jina letu, la baba na la babu, na kila kizazi moja hudondoka.

Linalobaki kwenye majedwali yale ni safu ya kabila, na hiyo ndiyo watu huikimbilia. Basi tuitazame.

Mwaka 1924, watu karibu 34,000 visiwani waliandikwa kuwa ni Waswahili. Mwaka 1931, walioandikwa hivyo walizidi 2,000 kidogo. Ni miaka saba tu imepita hapo katikati. Hakukuwa na maradhi yaliyofagia watu elfu thelathini, wala meli zilizowahamisha. Walikuwa watu wale wale, katika nyumba zile zile, wakichota maji kwenye visima vile vile. Kilichobadilika ni jibu.

Sababu yake wanahistoria wameieleza mara nyingi. Baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walijiita Waswahili ili wahesabike kuwa watu wa pwani, si watu wa bara walioletwa kwa nguvu. Jina lilipojaa watu hao likaanza kunuka utumwa, na aliyeweza kulikimbia alilikimbia. Wengine waliingia kwenye Ushirazi, wengine kwenye Uhadimu na Utumbatu, makabila ya wenyeji wa visiwani. Hata safu ya Waarabu ilipanda katika miaka hiyo hiyo saba, kutoka chini kidogo ya 19,000 hadi 33,401. Wamanga waliokuja kutoka Oman walikuwepo kweli, lakini ni vigumu kuamini kwamba wao peke yao ndio walioleta ongezeko lote lile.

Sasa mchukue babu mmoja wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Unguja, fundi seremala. Mwaka 1924 ni Mswahili, mwaka 1931 ni Mshirazi. Kitukuu wake anataka ushahidi wa maandishi. Ashike ukurasa upi? Mkazo wangu uko hapa, na sioni kama watu wa karatasi wameujibu: sensa nayo ni maneno ya mdomo. Karani aliuliza, mtu akajibu, kikaandikwa kilichosemwa. Tofauti ni kwamba jibu lile lilitolewa mara moja tu, kwa mgeni aliyetumwa na serikali, naye anayejibu anajua serikali ile hugawa mambo kwa kufuata safu.

Na iligawa kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula mjini ulifuata makundi ya watu. Mchele ulielekezwa kwa Waarabu na Wahindi, Waafrika wakapangiwa nafaka nyingine, kana kwamba tumbo la mtu linajua kabila lake. Sensa iliyofuata, ya 1948, iliwakuta watu bado wana ladha ya mgao ule mdomoni. Mombasa nako Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji ule, walisumbuana na serikali miongo kadhaa wakitaka wahesabiwe pamoja na Waarabu, kwa kuwa kuhesabiwa mwenyeji wa kawaida kulikuwa na kodi yake na vikwazo vyake. Siwalaumu. Ningekuwa mimi, na watoto wanataka wali, ningejibu vivyo hivyo.

Kumbukumbu ya ukoo nayo inadhaniwa kuwa bibi kakaa barazani anasema lolote linalomjia. Waliowahi kukaa kwenye kikao cha mirathi wanajua si hivyo. Mtu akifa bila mtoto wa kiume, wanaanza kutafutwa asaba, jamaa wa kuumeni wanaostahili kilichobaki. Hapo kusema "marehemu na baba yangu ni watoto wa ndugu wawili" ni kudai karafuu, nyumba, fedha. Kila jina linalokubaliwa linapunguza fungu la mwingine. Basi wanasikiliza kwa makini, na siku zote yupo mama mtu mzima pembeni ambaye atasema taratibu, "Hapana, yule alilelewa tu pale. Hakuwa damu." Karani wa sensa hakuwahi kuwa na mama huyu pembeni yake.

Au chukua khitma, kisomo cha kuwaombea marehemu. Kwenye ukoo wetu majina ya marehemu husomwa kutoka kwenye daftari la skuli ambalo jalada lake limeshatoka, na mwandiko ni wa watu watatu. Kurasa za mwanzo ni kwa herufi za Kiarabu, za kati ni wino wa buluu uliofifia, za mwisho ni kalamu ya juzi. Pembeni mwa jina la mwanamke mmoja pameandikwa "wa Wete", kwa sababu wako wawili wa jina hilo na mwandishi hakutaka dua iende njia siyo. Msomaji akiruka jina, sauti hutoka nyuma ya pazia kumrudisha. Nimeshuhudia msomaji akirudishwa kwa jina la mtu ambaye hakuna hata mmoja mle ndani aliyepata kumwona kwa macho. Hayo nayo ni maandishi, ila maandishi yanayosomwa kwa sauti mbele ya wanaojua, mwaka baada ya mwaka, na kusahihishwa.

Tarehe? Wanasema wazee hawana tarehe. Wanazo, ila si za kalenda ya ofisini. Mzee akisema nyanya yake aliolewa mwaka wa pili baada ya tufani, amekupa 1874, kwa sababu tufani ile iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja ilikuwa 1872. Linganisha na umri ulioandikwa kwenye karatasi nyingi za kikoloni, ambao afisa aliukisia kwa kumtazama mtu usoni. Tena tufani hukusaidia kupima kisa chenyewe. Mikarafuu ya Pemba iliponea kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Ukoo unaosema "tulivuka kwenda Pemba baada ya tufani" unasema jambo linaloingiliana na historia ya karafuu bila wao kusoma kitabu chochote.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Washirazi. Kwa miongo mingi wataalamu wengi walizichukua simulizi za mababu kutoka Shirazi, Uajemi, kuwa ni ndoto ya watu wanaoikimbia Afrika. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa, wengi wao katika miji ya kale ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Ikaonekana kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 damu ya Asia ilichanganyika na ya Afrika, na kwamba mwanzoni ile ya Asia ilitoka hasa Uajemi, kwa upande wa wanaume, huku upande wa mama ukiwa kwa sehemu kubwa kabisa wa Kiafrika. Ni karibu kisa kile kile wazee walichokuwa wakikisimulia na kuchekwa. Utafiti huo haumpi mtu yeyote wa leo cheti cha Ushirazi, na anayeutumia hivyo ameusoma vibaya. Unachosema ni kwamba simulizi iliyodharauliwa ilikuwa na mfupa ndani yake.

Upande wa karatasi una haki yake pia, na ni haki nzito. Katika daftari la khitma sijaona Feruzi. Sijaona Almasi wala Mabruki wala Marjani, majina ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa. Je, hawakuwepo katika ukoo? Katika visiwa ambavyo karne ya 19 sehemu kubwa ya wakazi walikuwa watumwa, hilo haliwezekani kwa koo zote zinazodai hivyo. Kumbukumbu ina adabu, na adabu hiyo imewazika watu mara ya pili. Mama aliyekuwa suria, mtumwa aliyewekwa na bwana kama mke, ndiye aliyepotea kuliko wote. Mtoto wake aliyekubaliwa na bwana alikuwa huru na alifuata nasaba ya baba, kwa hiyo shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, humtaja bwana, humtaja mtoto, na pale kati panabaki kimya. Sheria yenyewe ilimwacha nyuma: amri ya 1897 haikuwahusu masuria, mpaka 1909.

Hapo karatasi huja kusema. Serikali ililipa fidia, na ililipa mabwana, si watumwa. Hilo nalo ni la kukaa ukalifikiria. Ili kulipa ilibidi kuandika nani alikuwa mali ya nani. Mashauri ya mahakama, mirathi na hati za uhuru zilizoko Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, humtaja mtu ambaye jamaa zake walikubaliana kumsahau. Karani hakuwa na haya, na kwa mara hii kutokuwa na haya kwake ni neema.

Udhaifu mwingine wa simulizi nautaja kwa ufupi kwa sababu unajulikana: vizazi hupunguzwa, watu wawili wa jina moja huwa mmoja, na baada ya babu wa babu mara nyingi tunaruka moja kwa moja hadi kwa aliyeshuka chomboni. Mbaya zaidi ni kumbukumbu inapopewa mhuri. Kenya, kamati za wazee za kuwahakiki waombaji wa kitambulisho zimelalamikiwa miaka mingi na Wanubi, Wasomali na watu wengi wa pwani, kwamba mzee mwenye kujua babu zako amekuwa mzee mwenye kuamua kama una babu. Ushuhuda wa namna hiyo hauna tofauti na ule wa mbele ya karani, maana anayejibu anaogopa na anayeuliza ana kalamu.

Lakini ni Kenya hiyo hiyo inayonifanya nisitetereke. Wapemba wa Kilifi na Kwale walikaa miongo bila uraia kwa kuwa hawakuwa na karatasi, ingawa kila mvuvi jirani yao alijua wamezaliwa pale, wameoa pale na wamezika pale. Walitambuliwa mwaka 2023. Kilichokosekana muda wote huo si habari, ila mtu wa ofisini wa kuikubali habari isiyo na mhuri.

Ugomvi huu wa mdomo na karatasi hufifia kabisa kwenye jalada la wakfu, mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yaende kwa waliotajwa. Hati ya kwanza husema nyumba hii ni ya watoto wangu, wa kiume na wa kike, na vizazi vyao. Baada ya vizazi vitatu hati haiwezi kukwambia nani mwenye haki ya kodi ya chumba cha chini. Wanaitwa wazee, wanaeleza, wanapingwa na wazee wengine, afisa anaandika yaliyokubaliwa. Kuanzia siku ile maneno yao ni karatasi, na kijana atayanukuu kama karatasi.

Kwa hiyo anayefuatilia nasaba yake aende Kilimani, ndiyo, lakini aanzie nyumbani, tena aanzie na maswali madogo: alizikwa wapi, nani alimwosha, nani alipewa shamba na nani alinyimwa, kwa nini tawi lile haliji harusini. Hilo la mwisho hasa, kwani mara nyingi ndipo alipofichwa suria au Feruzi. Swali la "sisi kabila gani" aliache mwisho kabisa, au asiliulize. Ndilo alilouliza karani wa 1931, na bibi atamjibu kama karani alivyojibiwa.