Mashine ya Nyasi na Gauni la Mama Mkwe

Niseme ukweli mapema kabla mke wangu hajaja kunisemea: vile vyuma nilivifunga mimi mwenyewe, kwa kamba ya kiatu, nikiwa na akili zangu timamu.

Kama hujawahi kusukuma mashine ya kukatia nyasi, nikueleze. Kwenye mpini kuna chuma chembamba unachokibana kwa viganja muda wote unaokata. Ukikiachia tu, injini inazima na kisu kinasimama ndani ya sekunde 3 hivi. Mashine yangu ina na cha pili, cha kuzungusha magurudumu ili ijivute yenyewe. Sasa hebu bana vyote viwili robo saa nzima, uone kama vidole havitakufa ganzi. Mimi nikaamua kwamba aliyevibuni ana ugomvi na mimi binafsi. Nikavua kamba ya kiatu cha kulia, nikavifunga vyuma vyote kwenye mpini, fundo la kupigiwa mfano. Nikavuta kamba ya kuwashia, injini ikaitika mara moja. Siku nyingine huwa inanitukana kwanza.

Mama mkwe alikuwa barazani na kikombe chake, ananitazama bila kusema neno. Mkwe akikutazama hivyo, mgongo unanyooka wenyewe. Nikaanza kusukuma kwa mkono mmoja, kwa madaha.

Asubuhi mke wangu alikuwa ameniuliza, “Baba watoto, mawe umeyaokota?” Nikamjibu nimeokota. Hakuuliza mangapi. Nilikuwa nimeokota moja.

Katika yale mengine, moja likaruka na kugonga ndoo ya bati, kwaa! Ndoo ikabonyea kama imepigwa teke na punda. Baadaye nilipiga hesabu: kisu cha sentimita 53 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Gari langu halijawahi hata kuiota kasi hiyo.

Ndoo ndiyo iliyoniponza, maana niliiachia mashine nikaikague. Mazoea yana taabu: siku zote nikiachia, inazima. Safari hii ikanguruma vilevile na kuendelea na safari yake, kuelekea mteremkoni, kwenye kamba ya nguo.

Nikaikimbilia. Hatua ya tatu, kiatu kisicho na kamba kikabaki nyuma. Nikawa nakimbia mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi yenye dirisha la kidole gumba, nyuma ya kisu cha kilomita 300. Mke wangu anapiga kelele, “Zima! Zima!” Nizime na nini? Fundo langu lilikuwa la kupigiwa mfano.

Kambani lilining'inia gauni moja refu, pindo linagusa nyasi. Mashine ikalidaka pindo, vibanio vikaruka pa! pa! pa!, na gauni likashuka lote, likaingia chini kama tambi mdomoni mwa mtoto. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Kimya. Kisha sauti kutoka barazani, pole kabisa: “Baba, hilo lilikuwa limeshafuliwa.”

“Samahani mama. Nalitoa sasa hivi.” Nikapiga magoti, nikapeleka mkono chini ya mashine.

“Wewe! Toa mkono!” Sikujua mama mkwe ana sauti ile. Kikombe kiliwekwa chini, akaja mwenyewe. “Chomoa waya wa plagi ya injini kwanza. Kisu kimekazwa na nguo. Ukiikata kinaweza kugeuka, kikaizungusha na injini, ikawaka. Mkono utaupeleka wapi?”

Nikachomoa. Ili nimuonyeshe kwamba na mimi ni mwanamume wa vyuma, nikailaza mashine ubavu haraka haraka. Akashika kiuno. “Umelaza upande wa kichujio cha hewa. Kichujio kinatakiwa kiangalie juu, mwanangu.” Oili ilikuwa tayari imeshaanza safari yake.

Kumbe huyu mama alikata nyasi kwa mashine kama hii kwa miaka mingi kabla sijamjua binti yake. Miaka yote hiyo ya ukwe, mimi nilikuwa namuuliza habari za magoti yake tu.

Gauni lilitoka vipande kumi na tisa. Alivihesabu yeye, kwa sauti. Tulipoiwasha tena, mashine ikatoa moshi mweupe wa ile oili, uliofunika ua mzima, na jirani akachungulia ukutani kuuliza kama kuna moto. “Hamna moto,” mama mkwe akamjibu, “ni mkwe wangu tu.”

Moshi ulipokwisha aliokota mawe, yote, akaomba viatu vigumu vya binti yake, akamalizia ua mwenyewe, amevibana vyuma kwa viganja viwili. Mimi nilikaa barazani na kikombe chake.

Kamba ya kiatu alilikata fundo kwa mkasi, akanirudishia nusu. Kiatu cha kulia hadi leo nakifunga matundu mawili ya juu.