Tunahesabu Mifugo, Hatumuulizi Mwenye Mifugo

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii niliyekuwa nikimsimamia Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, alijaza fomu ya kaya hivi: watoto 4, nyumba ya nyasi, mifugo 0. Mzee tuliyekuwa tukimhoji alijifunzia Kiswahili Kitale, Kenya, kwenye vibarua vya mahindi, na alitutajia jina lake kwa utaratibu. Lilianza na "Apa", yaani baba wa, likafuatiwa na rangi ya maksai wake. Ndivyo mwanamume wa Kikaramojong anavyoitwa: kwa ng'ombe aliyempenda. Maksai mwenyewe alishaswagwa na wezi wa mifugo. Fomu haikuwa na swali jingine, tukaaga.

Tangu hapo, kila ninaposikia wenzangu wakibishana iwapo vyuo vyetu vifundishe uhusiano wa binadamu na mnyama, namkumbuka mzee yule.

Wanaopinga si wajinga. Wanasema somo lina harufu ya ugenini, na kweli: Boris Levinson, mwanasaikolojia wa New York, aliandika mwaka 1962 jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kuzungumza na watoto. Hapa mbwa ni mlinzi, hulala nje, na kwa jirani Mwislamu mate yake ni najisi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kupona ni karibu muujiza. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Na afisa mwenye kaunti ndogo nzima na pikipiki isiyo na petroli, umwongezee na mbwa?

Lakini nani alisema mnyama ni mbwa tu? Ankole ng'ombe husifiwa kwa rangi na pembe. Na hata huyo mbwa, Gulu wameshatuonyesha: mradi wa Comfort Dog humchanja na kumhasi kwanza, kisha manusura wa vita vya Kony hufunzwa kuishi naye na kumzoeza. Hofu ya kichaa cha mbwa ndiyo sababu mojawapo ya kulifundisha jambo hili.

Kuna takwimu moja hainitoki kichwani. Mwaka 2010 mtafiti wa ustawi wa jamii Christina Risley-Curtiss alichapisha majibu ya maafisa ustawi wa jamii zaidi ya 1,600 wa Marekani: karibu theluthi moja tu ndio waliouliza habari za wanyama katika mahojiano ya kwanza. Theluthi moja, kwenye nchi ambako mbwa ana daktari wake! Sisi tungewashinda mbali, maana hapa karibu kila fomu ya kaya inauliza. Ila inauliza ngapi. Haiulizi nani alimlea, nani alimlilia, nani anatishiwa kupitia kwake. Hata Kiswahili kina adabu zaidi: mbuzi *amekufa*, kama mtu, wala si *imekufa*. Fomu inamweka safu moja na baiskeli.

Hasara yake naiona zaidi kwenye kesi za ugomvi wa nyumbani. Mama anapigwa, anaambiwa aondoke, hataki. Faili linaandikwa "hatoi ushirikiano". Ukikaa naye kidogo unakuta kuna ng'ombe mmoja wa maziwa; akimwacha, jioni hiyo hiyo mume atamchinja ng'ombe huyo kumkomoa. Tuliita ukaidi kile ambacho kilikuwa hesabu ya moyo na ya maziwa ya watoto.

Mtaala umejaa, nakubali, na kozi nzima siitaki. Wiki moja ndani ya somo la tabia ya binadamu inatosha, pamoja na swali moja kwenye fomu.

Mwanafunzi yule nilimrudisha kwa mzee. Akaandika jina la maksai pembezoni mwa karatasi, na rangi yake, na mwaka alioibwa. Karani wa takwimu akapiga simu kuuliza habari hiyo aiingize safu ipi.