Mwana wa Nungwi na Maji ya Cramond

Kwa kuwa rafiki yangu wa Dodoma amekwisha kuisambaza habari hii katika kila kundi la WhatsApp tulimo pamoja, na kwa kuwa katika simulizi yake mimi nalia huku nikisoma Yasini kwa sauti, ni haki yangu nami kusikilizwa. Sikulia. Yasini niliisoma kimoyomoyo.

Cramond ni kijiji kilicho ukingoni mwa Edinburgh, pale Mto Almond unapoingia katika ghuba ya Forth. Mbele yake, umbali wa takriban maili moja, kuna kisiwa kidogo ambacho maji yakipwa hufikiwa kwa miguu, kandokando ya safu ndefu ya nguzo za zege zilizosimikwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili boti za adui zisipenye. Mwanzoni mwa njia kuna ubao wenye maelezo ya saa salama za kuvuka. Mwenzangu alisimama kuusoma. Nilimvuta mkono nikamwambia kwamba ubao ule wameandikiwa watu wa bara, na kwamba mtoto wa Nungwi, ambaye babu yake aliunda majahazi, hasomeshwi bahari na ubao. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, na kwetu siku za bamvua maji hupwa saa nne asubuhi. Nikapiga hesabu palepale kwa vidole. (Wazanzibari mnaosoma hapa, nyamazeni kwanza.)

Kisiwani, badala ya kuitazama bahari, nilihadithia. Nilimweleza kwamba kule ng'ambo Warumi walijenga ngome, na kwamba mwaka 208 Kaisari Septimius Severus, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja Uingereza kupigana na makabila ya kaskazini huku akisumbuliwa na jongo kiasi cha kubebwa kwa machela. Nikaongeza kisa cha mvushaji wa Mto Almond ambaye mwaka 1997 aliona jiwe likichomoza kwenye matope, na lilipochimbuliwa akatokea simba jike mzima wa kuchongwa, kinywani ana kichwa cha mtu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepanua mikono kumwonyesha taya za simba zilivyokaa, mwenzangu akauliza kwa upole, "Sheikh, ile njia iko wapi?"

Njia haikuwapo. Zilikuwapo nguzo, na maji.

Nilimwambia asitie shaka, kwani yale yalikuwa maji ya kifundoni tu. Nikavua viatu, nikakunja suruali taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu anayejiandaa kutawadha, kisha nikakanyaga. Hatua ya kwanza maji yalinifika kifundoni, kama nilivyosema. Hatua ya pili yakawa magotini, na baridi ikanipanda mpaka kwenye meno. Hatua ya tatu niliiweka juu ya mwani. Mguu mmoja ukabaki Uskoti, wa pili ukaelekea Norwe, nami nikakaa. Nilikaa kitako kabisa, maji kifuani, kiatu kimoja mkononi, na kingine nikakiona kikielea kwenda zake, polepole, bila hata kugeuka kuniaga.

Aliyepiga simu 999 ni yeye. Waokoaji walikuja na boti ya mpira, na kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, mmoja wao akanibeba mgongoni. Kaisari alipata walau machela. Mzee mmoja aliyekuwa katika boti aliuliza kwa adabu kama tumewahi kuishi karibu na bahari. Nilikuwa naanza kujibu kwamba sisi sote ni watu wa bara, Mungu anisamehe, lakini meno yaligongana, na yule wa Dodoma akaniwahi: "Mimi hata kuogelea sijui. Wa baharini ni huyu." Sehemu hiyo ameisimulia bila kuongeza chumvi, na ndiyo inayoniuma.

Tulipewa mablanketi na chai, nikarudi nyumbani kwa basi na kiatu kimoja, nikaugua mafua. Jana tulikwenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Chambers, kumwona simba mwenyewe. Kabla hatujamfikia, mwenzangu alimwendea mlinzi na kumuuliza, uso mkavu, humu ndani maji hujaa saa ngapi.